Kutoa Mayai ya Uzazi: Unachopaswa Kutarajia Tangu Vipimo Mpaka Hedhi Inayofuata

"Dada, nimekubaliwa kutoa mayai ili familia nyingine ipate mtoto. Nimeambiwa ni sindano chache, halafu usingizi wa dakika 20, basi. Ni kweli?"

Ujumbe huu umetufikia wiki hii, na aliyeuandika anastahili jibu kamili. Dakika 20 ni za kweli. Kilichoachwa ni wiki nne hadi sita zinazozizunguka dakika hizo: vipimo, dawa, safari za asubuhi kwenda kliniki, tumbo kujaa, na karatasi za kusaini ambazo nguvu yake inaendelea miaka mingi baada ya jeraha kupona.

Kabla ya yote, elewa nafasi yako. Katika shughuli hii wanatibiwa watu wawili: atakayebeba mimba, na wewe. Kwa kuwa huumwi, ni rahisi kila mtu kukuona kama msaidizi aliyepita njia, hata wewe mwenyewe ukajiona hivyo. Usikubali. Una faili lako, unapewa dawa zenye nguvu, unaingia chumba cha upasuaji. Uliza maswali kama mgonjwa anavyouliza, na usiondoke bila majibu.

Vipimo

Vituo vingi hupokea wanawake wa kuanzia miaka 21 hivi hadi miaka ya thelathini na kidogo, kwa sababu ubora wa mayai hushuka umri unavyosogea. Damu hupimwa VVU, homa ya ini B na C, kaswende na kundi la damu. Kisonono na klamidia nazo hutafutwa. Ovari zako hukaguliwa kwa njia mbili: kipimo cha damu cha AMH, homoni inayoonyesha akiba ya mayai yako, na ultrasaundi ya ukeni inayohesabu folikili, yaani vile vifuko vidogo vya majimaji ambamo yai hukulia.

Kipimo ambacho watu hawakitarajii ni cha vinasaba. Wapo wanaogundua hapo kwa mara ya kwanza kwamba wamebeba kinasaba cha selimundu au talasemia, magonjwa ya damu ya kurithi. Kukibeba hakukufanyi mgonjwa, na mara nyingine hakukuzuii kutoa mayai iwapo mwanamume atakayetoa mbegu hana kinasaba hicho. Lakini ni habari utakayoondoka nayo kwa ajili ya watoto wako na ndugu zako, kwa hiyo omba majibu kwa maandishi.

Kutakuwa pia na kikao na mshauri nasaha. Kama unampa dada yako au binamu, sisitiza kuonana na mshauri peke yako. Undugu hufunga mdomo, na neno "sikuweza kumkatalia" lina thamani kubwa likisemwa pale kuliko likisemwa mtoto ameshazaliwa.

Eleza njia yako ya uzazi wa mpango mapema. Vidonge havina shida. Mara nyingi kliniki yenyewe hukupa ili kupanga tarehe. Kitanzi aghalabu huachwa mahali pake. Sindano ya miezi mitatu ndiyo inayochelewesha mambo, maana nguvu yake hukaa mwilini muda mrefu na inabidi kusubiri iishe.

Siku za sindano

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kila mwezi folikili kadhaa huanza kukua pamoja, kisha moja huzipita nyingine na zilizobaki hunyauka. Dawa utakayodungwa ni homoni ya FSH, ile ile ambayo ubongo wako huitoa, ila kwa kiwango cha kutosha kulisha hata zile ambazo zingenyauka. Ndiyo sababu kutoa mayai hakuli akiba yako ya miaka ijayo: yanayovunwa ni ya mwezi huu, na yangepotea hata hivyo. Msichana huzaliwa na mayai milioni moja hadi mbili. Akibalehe anabaki na laki tatu hivi, na kati ya hayo ni kama 400 tu yatakayopevuka maishani mwake.

Kwa kawaida unaanza siku ya pili au ya tatu ya hedhi, uniti 150 hadi 300 kwa siku, kwa siku 8 hadi 12 au zaidi kidogo. Unajidunga mwenyewe tumboni, saa ile ile kila jioni. Nawa mikono. Futa ngozi kwa spiriti na uiache ikauke kabisa, kwani spiriti mbichi ndiyo inayochoma kuliko sindano. Bana mkunjo wa ngozi pembeni ya kitovu, umbali wa vidole viwili au vitatu, choma, sukuma dawa polepole, hesabu hadi kumi ndipo uchomoe. Leo kushoto, kesho kulia. Kipovu kidogo cha hewa kwenye bomba hakidhuru chini ya ngozi. Kinachodhuru ni kupoteza dawa ukihangaika kukitoa.

Dawa ya unga huchanganywa na maji yake kwa kuzungusha kichupa taratibu, bila kukitikisa. Inayotakiwa kukaa kwenye baridi iwe kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na sehemu ya kugandishia, maana ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Ukisahau dozi, usidunge mbili siku inayofuata. Piga simu kliniki usiku huo huo.

Kufikia siku ya tano au ya sita huongezwa sindano ya pili, mara nyingi miligramu 0.25, inayozuia ubongo kuachilia mayai kabla ya wakati. Ngozi huwa nyekundu na kuwasha kwa muda mfupi. Hilo ni la kawaida. Wengine huiona sindano hii kama nyongeza isiyo na uzito. Ukiiruka, mayai yanaweza kutoka yenyewe na daktari akute folikili tupu.

Katika siku hizo utaitwa kliniki mara nne hadi sita, karibu kila mara asubuhi, kwa ultrasaundi na wakati mwingine damu. Panga ruhusa kazini mapema. Kuelekea mwisho ovari hukua mara kadhaa ya ukubwa wake: tumbo hujaa, matiti huuma, hasira huja karibu. Vaa nguo za kiuno kilicholegea, na acha kukimbia, kuruka na kunyanyua mizigo. Ovari iliyokuwa nzito inaweza kujisokota kwenye shina lake na kukata damu, na hiyo ni dharura ya upasuaji. Acha pia tendo la ndoa, au fuata maelekezo ya kliniki kwa makini: yai moja likiponyoka, mimba utakayopata ni yako.

Mzunguko unaweza pia kusitishwa katikati, kwa sababu folikili ni chache mno, au nyingi kupita usalama. Si kosa lako.

Sindano ya mwisho

Folikili zikifika milimita 17 au 18 hivi, unapewa sindano ya kukomaza mayai, kwa saa na dakika maalumu. Mayai huvunwa saa 34 hadi 36 baadaye. Ukiidunga kwa kuchelewa, mayai yatakuwa mabichi na hayajajibandua. Ukiidunga mapema mno, yanaweza kuwa yameshatoka. Weka kengele mbili za simu, na uandike saa uliyodunga kweli kweli. Ukikosea, sema ukweli, maana saa ya kuvuna inaweza kusogezwa.

Kuna swali moja ambalo kila mtoaji anapaswa kuuliza kabla ya hapo: sindano hii ni ya hCG, yaani homoni ya mimba, au ni ya aina inayouamsha ubongo utoe homoni yake wenyewe? hCG hukaa mwilini siku kadhaa ikiendelea kuchochea ovari, na ndiyo inayohusishwa zaidi na ugonjwa wa ovari kuchochewa kupita kiasi, ambao majimaji huvuja kutoka kwenye mishipa na kujaa tumboni. Ile ya pili hupotea haraka, na hupunguza hatari hiyo sana. Wewe hutabeba mimba mzunguko huu, basi huna haja ya kitu kinachokawia mwilini. Daktari akichagua hCG, akueleze sababu.

Siku ya kuvuna

Usile kwa angalau saa sita, au zaidi ukiambiwa. Usijipulizie manukato, na toa rangi ya kucha. Utapewa dawa ya usingizi kwa mshipa, mara nyingi nusu kaputi nyepesi. Hutakatwa popote. Sindano ndefu inayoongozwa na ultrasaundi hupita kwenye ukuta wa uke hadi ndani ya ovari, na kunyonya majimaji ya folikili moja baada ya nyingine. Mtaalamu wa maabara huyatafuta mayai kwa hadubini palepale. Kwa mtoaji mwenye umri mdogo hupatikana mara nyingi 10 hadi 20, na si yote yatakuwa yamekomaa. Usipime utu wako kwa idadi hiyo.

Baada ya saa moja au mbili za mapumziko unaruhusiwa kwenda, ukiwa na mtu wa kukusindikiza. Usiendeshe gari kwa saa 24. Matone ya damu na maumivu kama ya hedhi kwa siku moja hadi tatu ni ya kawaida. Parasetamoli hutosha wengi. Wengi hurudi kazini siku ya pili, lakini kama kazi yako ni ya kusimama au kubeba, chukua siku mbili tatu zaidi.

Jipime uzito kila asubuhi kwa wiki moja. Ukiongezeka zaidi ya kilo moja kwa siku, ukipata mkojo kidogo na mweusi, ukitapika mfululizo, tumbo likikaza au pumzi ikipungua, usisubiri kukuche. Vivyo hivyo homa, damu inayojaza pedi, au maumivu makali ya ghafla upande mmoja. Omba namba ya simu inayopokelewa usiku kabla hujatoka kliniki, na ujaribu kuipiga. Hedhi huja ndani ya wiki mbili hivi, na inaweza kuwa nzito kuliko kawaida.

Karatasi

Tafiti za hadi sasa hazijathibitisha kwamba dawa hizi huleta saratani au utasa, ila watoaji hawajafuatiliwa kwa miaka mingi kama inavyostahili. Anayekuambia "hakuna hatari yoyote" amevuka kinachojulikana.

Kuhusu siri, sheria hutofautiana sana. Hispania mtoaji hubaki bila jina. Ujerumani hairuhusu kutoa mayai kabisa. Uingereza, mtoto aliyetokana na mchango uliosajiliwa baada ya tarehe 1 Aprili 2005 anaweza kujua jina la mtoaji akifikisha miaka 18. Lakini hata palipo na siri kisheria, vipimo vya DNA vya nyumbani vimeivunja: binamu yako akijipima tu, njia ya kukufikia ipo. Amua ukijua kwamba siku moja unaweza kutafutwa, na ufikirie utawaambia nini watoto wako.

Soma mkataba ukiwa nyumbani, si kwenye benchi la kliniki. Tafuta humo: nani analipa matibabu yako ukipata madhara, na kwa muda gani, fidia inakuwaje mzunguko ukisitishwa, mayai yatagawiwa familia ngapi, yakibaki, yatahifadhiwa, yatatupwa au yatapelekwa kwenye utafiti, na mwisho wa haki yako ya kubadili nia ni lini. Kipengele kisipokuwepo, omba kiandikwe kabla hujasaini.

Tunza nakala ya kila karatasi pamoja na tarehe ya uvunaji. Na miaka ikipita, ukigundulika na ugonjwa wa kurithi ambao haukujulikana wakati ule, iandikie kliniki, kwa sababu kuna mtoto ambaye daktari wake atahitaji kuujua.