Kabla Hujalipia Uzamili wa Kuingilia Udaktari

Kila matokeo ya vyuo yakitoka, nyumbani kwetu Kibokoni hodi haziishi. Anayekuja huwa ni kijana aliyemaliza shahada ya biokemia au ya sayansi ya maabara, mara nyingi ameandamana na mamake, na swali lake nalijua kabla hajavua viatu: "Mwalimu, nikienda Marekani nikafanya ile masta ya kujiandaa na udaktari, nitaingia?"

Mimi niliifanya. Nilisoma mwaka mmoja, nikakaa mwaka mwingine nikiomba nafasi, nikarudi Mombasa bila nafasi. Leo nafundisha fiziolojia kwa vijana wanaosomea uuguzi na utabibu. Haya ninayoyaandika ndiyo ambayo ningetamani mtu anikalishe kitako aniambie kabla baba hajauza kiwanja cha Mtwapa.

Tuanze na shahada yenyewe, maana wengi huilipia bila kujua iliundwa kwa ajili ya nani. Kwetu, kijana akitoka kidato cha nne na alama zake nzuri huingia udaktari moja kwa moja. Chuo Kikuu cha Nairobi humchukua miaka 6. Marekani mambo ni mengine. Kule udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, kwa miaka 4. Kwa hiyo kuna watu wengi wamemaliza shahada ya kwanza, wanautaka udaktari, lakini walivuruga alama wakiwa bado wadogo. Hao ndio waliofikiriwa. Chuo cha Georgetown kilianzisha mafunzo ya namna hii mwaka 1975, na vingine vingi vikafuata. Mingi ya mipango hii ni ya mwaka mmoja, mingine miwili yenye tasnifu. Katika iliyo migumu zaidi unakaa darasa moja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari, mnafanya mtihani mmoja, na alama zako zinapimwa kwa zao.

Ukiliangalia hivyo, utaona shahada hii inajibu swali moja tu: je, huyu anaweza kuubeba mzigo wa mwaka wa kwanza wa udaktari? Inalijibu kwa miezi kumi hivi, na jibu hubaki kwenye rekodi yako. Ukipata A, umejitetea vizuri kuliko barua yoyote ya sifa. Ukipata C, umewaandikia kwa mkono wako kwamba waliokutilia shaka hawakukosea. Kwa hiyo kabla ya kulipa hata ada ya fomu, jiulize kama hilo ndilo swali wanalokushikia.

Langu halikuwa hilo. Alama zangu za chuo cha hapa Kenya zilikuwa nzuri. Nilichokosa ni vitu viwili ambavyo mwaka mmoja wa uzamili hauwezi kuvileta. Kwanza, vyuo vingi vya udaktari vya Marekani havichukui wanafunzi wa nje kabisa, na baadhi ya vile vinavyochukua hutaka uweke karo ya miaka yote minne kwenye akaunti maalumu kabla hujaanza. Pili, AMCAS, huduma inayopokea maombi ya vyuo vingi vya udaktari vya kule, haizihesabu alama za vyuo vya nje. Miaka yangu minne ya jasho, kwao ilikuwa kama haipo. Tena vyuo vingi hutaka uwe umesoma Marekani au Kanada kiasi kikubwa cha masomo ya shahada ya kwanza, kiasi ambacho mara nyingi mwaka mmoja wa uzamili haukifikii. Wakala mmoja wa mjini aliyetuuzia fomu hakutaja hata moja katika hayo. Alituambia hiyo ni njia ya mkato, tukamwamini kwa sababu ofisi yake ilikuwa na zulia na ramani ya dunia.

Kama wewe ni raia wa Marekani, au una kadi ya ukaazi kwa sababu mzazi wako alitangulia kule, hesabu yako ni tofauti na hii shahada huenda ikakufaa sana. Hata hivyo jua jambo hili: alama za uzamili huandikwa mstari wao peke yake. Hazichanganywi na za shahada ya kwanza. Aliyemaliza na GPA, yaani wastani wa alama ambao juu kabisa ni 4.0, ya 2.9 atabaki na 2.9 yake, na kando yake ndipo itakapokaa 3.8 ya uzamili. Walimu wanaochagua wanaziona zote mbili. Kwa mtu aliyeanguka katika kemia na fizikia za msingi, mara nyingine ni bora kuyarudia masomo hayohayo ya ngazi ya shahada ya kwanza, kwa sababu hayo huingia kwenye wastani wenyewe, na karo yake huweza kuwa nafuu.

Na kama kilichokuangusha ni MCAT, mtihani wa kuombea nafasi ya udaktari Marekani, uzamili si dawa yake. Ule mtihani una sehemu nne, alama huanzia 472 hadi 528, na siku yake huchukua kama saa saba na nusu pamoja na mapumziko. Sehemu inayotuumiza sisi tuliosoma huku si ya kemia. Ni ile ya kusoma vifungu virefu vya falsafa, sanaa na historia, usivyowahi kuviona, kisha uulizwe mwandishi alikuwa akielekea wapi. Hiyo haikaririwi. Nilisoma makala moja ndefu kila asubuhi kwa miezi sita, nikiandika kando kwa sentensi moja mwandishi anataka niamini nini, na hapo ndipo alama zangu zilipopanda.

Kwa anayetaka udaktari wa hapahapa Kenya, ushauri wangu ni mfupi. Nenda kwanza kwenye ofisi ya udahili ya chuo unachokitaka, uliza wanawachukua wenye shahada kwa masharti gani, na uende na cheti chako cha kidato cha nne, KCSE, kwa sababu huku kwetu hicho cheti hakizeeki. Shahada ya uzamili ya nje haikifuti. Na ukisomea udaktari wenyewe nje, jua utakaporudi utafanya mtihani wa baraza la madaktari, KMPDC, kabla ya kuanza mwaka wa mazoezi hospitalini.

Sasa nije kwenye kusoma kwenyewe, maana hapa ndipo ninapoumia nikiwaona vijana wazuri wakiangamia.

Mtihani wangu wa kwanza wa fiziolojia ulikuwa wa figo. Nilipata 58. Sikuwa nimezembea, nilikuwa nimeikariri ile michoro yote ya nefroni, vile vichujio vidogo vya ndani ya figo, naweza kuichora nikiwa nimefumba macho. Jumamosi yake asubuhi, ambayo Mombasa ilikuwa alasiri, nikampigia bibi simu nikilia. Bibi hakusoma shule, alisoma chuo cha Kurani tu, lakini hakuwa mtu wa kukubali machozi bila maelezo. Akasema, "Haya, nambie hiyo figo yafanya nini."

Nikamwambia ni kama kifumbu. Damu inaingia kama nazi iliyokunwa, presha ya moyo ndiyo mkono unaokamua, tui linatoka, machicha yanabaki ndani. Chembe za damu na protini ndizo machicha. Bibi akaelewa papo hapo. Nikaendelea, nikamwambia figo hukamua lita 180 kwa siku, na karibu zote hurudishwa kwenye damu, mkojo ukabaki lita moja na nusu hivi.

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza: "Sasa kama lote larudishwa, kulikamua kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma sura tatu na sikuwahi kujiuliza. Niliirudia ile sura nzima siku hiyo, safari hii nikiwa na swali la bibi mkononi, na nikaona jambo ambalo michoro haikunipa. Mwili haujui sumu zote za duniani. Hauwezi kuwa na mlango maalumu wa kila uchafu. Basi figo hutoa nje karibu kila kitu kinachopita kwenye chujio, halafu huokota na kurudisha vile inavyovijua na kuvihitaji: sukari, chumvi, maji. Vingi vya vile isivyovitambua vinaachwa viende zao. Jumamosi iliyofuata nilimweleza bibi hivyo, nikamwongezea kwamba wanaookota sukari ni kama mahamali wa bandarini, wana idadi yao na kila mmoja ana mabega mawili. Sukari ikizidi kwenye damu, mahamali wote wamebeba, inayobaki inapita na mkojo. Ndiyo maana mkojo wa mwenye kisukari huwa na sukari. Swali hilohilo lilikuja kwenye mtihani wa mwisho, na nililijibu bila kukumbuka mchoro wowote.

Tangu hapo sikuwahi kumaliza somo bila kulisema kwa sauti, kwa Kiswahili, kwa mtu asiyelijua. Kiswahili si kwa ajili ya mapenzi ya lugha tu. Ukilieleza jambo kwa Kiingereza cha kitabu, maneno makubwa yanakufichia pengo. Unasema neno na wewe mwenyewe unadhani umeelewa. Ukilieleza kwa lugha uliyonyonyea, kila mahali unapogugumia na kusema "ile kitu inafanya hivi" ndipo usipopajua. Pawekee alama, urudi hapo usiku huohuo. Wanafunzi wangu wa sasa nawafanyisha hivi, na kifumbu nakibeba darasani.

Kasi nayo inashangaza. Wiki moja kule ilibeba nilichokisoma hapa kwa nusu muhula. Ukibaki nyuma siku tatu, usijaribu kufidia kwa kukesha. Nenda kwa mwalimu siku ya nne, ukiwa na daftari na maswali yaliyoandikwa. Mimi nilisubiri mpaka baada ya ile 58, kwa haya zetu za pwani za kuona tabu kumsumbua mkubwa. Kule mwalimu hukaa ofisini saa maalumu akiwasubiri nyinyi. Na ndiye atakayekuandikia barua, kwa hiyo akujue mapema.

Jambo lingine ni wagonjwa. Usiondoke hapa bila kuwa umekaa nao. Kabla ya safari nilimfuata mhudumu wa afya ya jamii wa Likoni kwa miezi minne, kila Jumanne. Nilivuka na feri ya asubuhi, tukaingia nyumba kwa nyumba, yeye akipima presha na mimi nikiandika. Mwezi wa Ramadhani tulimkuta mzee mmoja amekaa kwenye mkeka barazani, presha yake 190 kwa 110. Vidonge alikuwa navyo, vimepangwa vizuri kwenye kopo la maziwa ya unga, havijaguswa tangu mwezi uandame. Alikuwa akivinywa asubuhi na mchana. Aliposhika saumu akaviacha vyote, kwa sababu hakuna aliyemwambia angeweza kumuuliza daktari wavipange kwa daku na futari. Siku hiyohiyo alipelekwa zahanati, vikapangwa upya.

Nilipopata mahojiano yangu pekee kwenye chuo kimoja cha udaktari, yule mama aliyenihoji hakuniuliza chochote kuhusu alama. Aliniuliza kuhusu yule mzee kwa dakika ishirini. Waliniweka kwenye orodha ya kusubiri, na nafasi haikufunguka. Baadaye nilielewa kwamba nilichelewa pia: maombi huanza kupokelewa mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni, vyuo vingi hugawa nafasi kadiri maombi yanavyoingia, na mimi nilipeleka yangu Oktoba.

Fedha nisizifiche. Karo ya mwaka mmoja wa mipango hii ni makumi ya maelfu ya dola, na ufadhili wake ni mchache. Ongeza kodi ya nyumba, bima, ada ya MCAT, na ada ya kila chuo unachoomba. Usiuze ardhi ya wazazi kabla hujapata majibu ya maandishi kutoka vyuo vitatu vya udaktari, ukiwa umewauliza waziwazi: mnachukua mwenye pasipoti ya Kenya, na masomo yangu ya Kenya mnayahesabu vipi? Barua pepe ni bure.

Na ikiwa hukuingia, hiyo shahada haijaenda na maji. Aliyesoma fiziolojia na anatomia kwa kiwango kile anahitajika kufundisha, na vyuo vyetu vya afya vina njaa ya walimu wa masomo hayo. Kilifi, kiasi cha kilomita 60 kutoka hapa, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome tangu 1989, ambako vijana wa pwani wamejenga maisha yao katika malaria, chanjo na afya ya watoto wachanga. Afya ya umma na maabara navyo vina nafasi. Nimewaona matabibu niliowafundisha wakiokoa watu katika zahanati ambazo daktari hafiki, na siku hizo sijioni nimekosa kitu.

Nipo nyumbani Jumamosi baada ya alasiri. Njoo na karatasi zako za matokeo, zote, kuanzia KCSE, pamoja na ile unayoificha chini ya nyingine. Hiyo ndiyo tutakayoanza nayo.