Maswali na Majibu: Maganda Kando, Karatasi Kando

Wiki hii barua karibu zote ni za taka. Nimechagua tano.

Wapangaji wa ploti yetu tunatenganisha taka: maganda kando, plastiki na karatasi kando. Lori likija, vijana wanamimina zote pamoja. Tunajisumbua bure? (Mpangaji, Kayole)

Bure si bure, ila mnatozwa pesa za huduma msiyopewa. Sheria ya taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe pale pale zinapotoka, na mzoaji naye azibebe zikiwa zimetenganishwa. Kwa hiyo msigombane na vijana wa lori. Mwendeeni mwenye nyumba, aliyelikodi, na mwende wote. Akienda mmoja ataambiwa ahame.

Halafu kuna njia rahisi zaidi: lori lipewe maganda tu. Vitu vikavu havinuki, vinaweza kukaa wiki mbili kwenye gunia chini ya ngazi, na mtaani hamkosi mnunuzi. Ukitaka kujua kwa nini nalishikilia jambo hili, nenda Dandora, kwenye jaa kuu la taka la Nairobi, umtazame mama anayeokota karatasi. Gunia lililolowa mchuzi mnunuzi hulisukuma pembeni hata kabla ya kulipima. Jasho la siku nzima limeharibiwa na sahani moja ya maharagwe iliyomwagwa juu ya magazeti huko Kayole. Zaidi ya nusu ya taka za jiji hili ni maganda na mabaki ya chakula. Hizo zikitengwa, shida kubwa imekwisha. Tunachofanya sisi ni kuzipandisha jaa lililotangazwa kujaa mwaka 2001, na ambalo mahakama iliagiza mwaka 2021 lifungwe ndani ya miezi sita.

Juala za plastiki za kubebea mboga zimerudi sokoni. Serikali imeruhusu? (Muthurwa)

Hapana. Marufuku ilianza tarehe 28 Agosti 2017 na haijaondolewa. Faini ni kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au jela. Hili nimelijibu mpaka nimechoka. Anayekutolea juala kutoka chini ya meza anajua vizuri kwa nini analificha. Beba kikapu.

Kwa nini tusichome taka zote tupate umeme, kama Ulaya? (Mhandisi mstaafu, Buruburu)

Mzee wangu, wewe ni mhandisi. Sukuma wiki na maganda ya ndizi ni maji matupu, na moto utamaliza nguvu zake kuyakausha kabla haujachemsha chochote cha kuzungusha mtambo. Ila hofu yangu kubwa ni mkataba. Kiwanda cha namna hiyo kina tumbo: kaunti ikishaahidi kukilisha tani kadhaa kila siku, nani tena atataka wananchi wapunguze taka? Maganda yana kazi bora. Wapo wanaoyalisha funza, funza wakakaushwa kuwa chakula cha kuku, na kinachobaki kikawa mbolea. Lakini funza naye hali plastiki, kwa hiyo tunarudi kwenye kutenganisha.

Nasaga njugu na kuzipakia kwenye mikebe ya plastiki. Nasikia kanuni mpya za wazalishaji zinanihusu. (Kariobangi)

Zinakuhusu. Kanuni za 2024 zinamtaka anayeingiza bidhaa na vifungashio sokoni, awe ametengeneza au ameagiza nje, awajibike hata baada ya mteja kumaliza kula, iwe peke yake au kupitia shirika la wazalishaji. Nenda NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, mwenyewe ukaulize mzalishaji wa kiwango chako anatakiwa kufanya nini. Ukitokewa na "wakala" anayekuuzia cheti dukani, mfukuze.

Na kwa kuwa umenichokoza: uchumi huu wa mzunguko tunaohubiriwa hotelini, yaani kitu kutumika tena na tena badala ya kutupwa, tulikuwa nao. Ulienda dukani na chupa tupu ya soda. Huna chupa, unaacha pesa ya chupa au unakunywa hapo hapo umesimama. Chupa ikaoshwa, ikajazwa tena. Kisha kampuni zikatuletea plastiki, gharama ya kurudisha na kuosha ikawatoka wao, na mito yetu ikaibeba. Jaribu mikebe ya kioo, umrudishie mteja shilingi kadhaa akiuleta. Wateja wako ni wa mtaani, watarudi.

Simu mbovu na betri nitupe wapi? (Umoja)

Usitupe. Fundi wa simu atainunua kwa ajili ya vipuri, na vituo vya kuchakata taka za kielektroniki vipo hapa Nairobi. Betri iliyovimba usiitoboe wala usiichanganye na karatasi, huwaka ndani ya lori. Nyaya usimpe kijana anayezichoma nyuma ya karakana ili apate shaba. Moshi ule ni sumu, na dirisha lililo karibu zaidi huenda ni lako.