Kabla Hujakropu, Niambie Picha ya Asili Iko Wapi

Wiki iliyopita nilikaa nyuma ya vijana watatu wanaojifunza kazi ya kupiga na kuhariri picha, kila mmoja na kompyuta yake, nikajizuia kusema kwa nusu saa nzima. Wa kwanza alikuwa bado ameshika kamera, anafuta picha humohumo kwenye kioo kidogo: "Hii imepinda, hii giza, hii kafumba macho." Wa pili alikuwa na picha ya uso uliogeuka kijani kwa taa za tyubu, akaupachika preseti, yaani mpangilio ulioandaliwa tayari, ya rangi za machweo, sasa ana uso wa kijani ulioiva. Wa tatu alikropu, yaani alikata kingo za picha, akakropu tena, akasevu juu ya faili lilelile, akafunga. Hapo ndipo nilipoinuka kwenye kiti.

Wadogo zangu, nawapenda, na macho yenu ni makali kuliko yangu nilipoanza. Lakini makosa haya nimeyafanya yote kabla yenu, na moja linaniuma mpaka leo. Nisikilizeni mara moja, tusirudie.

1. Usifute kwenye kamera. Kioo kile kinatosha kukuambia kama ulisahau kifuniko cha lenzi, basi. Picha iliyopinda digrii tatu si mbovu, imepinda tu. Picha ya giza nayo, kama uliipiga RAW (faili ghafi lenye data yote ya kamera), ina mengi ndani yake: RAW ya biti 14 inabeba ngazi 16,384 za mwanga, wakati JPEG, faili lililobanwa, ina 256 kwa kila rangi. Ndiyo maana ukivuta vivuli kwenye RAW koti jeusi linatoa vifungo na mikunjo, na ukivuta vilevile kwenye JPEG linatoa matope yenye michirizi. Chenga, vile vidoti vya picha ya giza, zitakuja, ndiyo. Chenga zinavumilika.

Kisichorudi ni kilichoungua. Gauni jeupe likishagonga ukuta wa kulia wa histogramu (grafu ya mwanga wa picha) kwenye rangi zote tatu, hakuna uzi uliobaki wa kurudisha. Shusha slaida ya mwanga utakavyo, utapata kijivu kitupu mahali pa weupe mtupu. Kwa hiyo mbele ya bi harusi, linda gauni. Mwanga wa uso utauinua ukikaa mezani.

2. Rekebisha weupe (nyeupe ionekane nyeupe) kabla ya kitu kingine chochote. Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvini: balbu ya manjano iko karibu na 2,700, mchana wa kawaida ni kama 5,500, na slaida ya Kelvini ndiyo mnayoikimbilia wote. Ukijani wa taa za tyubu hautoki hapo. Unatoka kwenye slaida ya pili, ile ya kijani na majenta, ambayo wengi wenu hamjawahi kuigusa. Na kama nusu ya uso inapata mwanga wa dirishani na nusu ya pili inapata balbu, hakuna namba moja itakayoziridhisha nusu zote mbili: tumia brashi kurekebisha upande mmoja, au geuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Wapo wanaodharau njia hii ya pili. Mimi nimeokoa nayo sura nyingi za watu, siioni kuwa ni kukimbia kazi.

3. Kropu kwa hesabu. Kamera ya megapikseli 24 inakupa pikseli 6000 kwa 4000. Ukibakiza nusu ya upana na nusu ya kimo, hujabakiza nusu ya picha, umebakiza robo: 3000 kwa 2000, megapikseli 6. Ukichapa kwa nukta 300 kwa inchi, hiyo ni picha ya inchi 10 kwa karibu 6.7. Kwa ukurasa wa albamu inatosha. Mteja akitaka ya ukutani utaanza kumweleza mambo asiyotaka kuyasikia. Kijana wangu wa tatu alikuwa amefika mahali uso mzima una pikseli 200, akaniuliza kwa nini haung'ai!

Kunyoosha nako kunakula kona, kwa hiyo nyoosha kwanza ndipo ukate. Acha nafasi pembeni: kamera nyingi zinapiga 3 kwa 2, fremu ya inchi 8 kwa 10 inataka 5 kwa 4, na tofauti hiyo itatoka kwenye kichwa au miguu ya mtu. Usimkate mtu kwenye kiungo. Kata katikati ya paja, usikate gotini. Kata juu ya kiwiko, usikate kwenye kiganja.

4. Hapa nikae kidogo.

Mtu akikwambia kukropu ni kudanganya, mwambie aitazame ile sura ya Che Guevara inayojulikana dunia nzima. Mpigapicha wa Kuba, Alberto Korda, aliipiga Havana tarehe 5 Machi 1960, na kwenye fremu kamili kuna mtu pembeni upande mmoja na majani ya mti upande wa pili. Korda aliwakata wote wawili, ikabaki sura na anga. Mkato ule ndio uliotengeneza picha. Lakini angalieni jambo hili: mtu aliyekatwa tunamjua, ni Jorge Masetti, mwandishi wa habari wa Argentina. Tunamjua kwa sababu fremu nzima ilibaki.

Yangu haikubaki.

Ilikuwa harusi, na ilikuwa picha ya pamoja kwenye ngazi, watu thelathini na kitu, jua limeshazama. Shata ilikuwa 1/30 ya sekunde, polepole mno, na nilishapandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) mpaka nikaogopa. Watu wazima walisimama kama nguzo. Mwisho kabisa wa safu, kushoto, alisimama mtoto wa miaka saba aliyebeba maua siku ile, na sekunde nilipobonyeza akainama kutazama kiatu chake. Akatoka ametikisika: gauni ni kama moshi, uso hauonekani vizuri. Nyuma yake kulikuwa na pipa la taka na stendi ya spika.

Mezani sikufikiria hata dakika moja. Niliona pipa, niliona stendi, niliona ukungu. Nikavuta ukingo wa kushoto ndani mpaka vyote vitatu vikatoka, na bwana na bibi harusi wakakaa katikati barabara. Nikaridhika. Wakati ule nilikuwa napiga JPEG tu, nafanya kazi juu ya mafaili yaleyale niliyoyatoa kwenye kadi, na kadi nilikuwa nimeshaifomati, yaani kuifuta yote, kwa kazi ya kesho yake. Nikasevu. Picha ile niliiweka kwenye jalada la albamu, kwa sababu ndiyo niliyoipenda kuliko zote.

Baada ya wiki kadhaa mama wa mtoto yule akaja na albamu ile, na mtoto amemshika mkono. Sikujua wamefuata nini. Mtoto akaipandisha albamu mezani mwenyewe, akaweka kidole kwenye jalada, akaanza kupita uso kwa uso: huyu babu, huyu shangazi, huyu nani. Akafika mwisho wa safu. Akarudi mwanzo, akapita tena polepole. Kisha akamwangalia mama yake akamuuliza, "Mama, mimi nilikuwa wapi?"

Nikasema nitaangalia kwenye za asili. Nilisema haraka, nikijua hakuna za asili.

Nilikesha siku mbili na programu ya kufufua mafaili. Kadi ilikuwa imeshapigwa kazi nyingine mbili juu yake; nilifufua mapande ya watu wengine. Usiku wa pili nikakumbuka kwamba kamera huweka kijipicha kidogo ndani ya faili la JPEG, cha pikseli 160 kwa 120, na programu yangu ya kuhariri haikuwa imekigusa ilipokropu. Nikakitoa. Alikuwepo. Upande wa kushoto, kimo chake kama pikseli ishirini, alama nyeupe yenye doa jeusi juu. Nikamkuza akawa vijiboksi. Nikampunguza akawa alama nyeupe tena. Nilikaa namkuza na kumpunguza mpaka asubuhi, kana kwamba kuna mahali katikati ambapo angegeuka kuwa mtoto.

Nilimpigia mama nikamwambia ukweli wote, pamoja na sababu: kwamba alikuwa ametikisika, nikaona anaharibu picha. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kaka, kama alitikisika si ungemwacha atikisike?"

Sikuwa na jibu, wala sijalipata. Nilimwomba amlete nimpige picha upya, bila malipo, na gauni lilelile na kikapu kilekile. Zilitoka safi kabisa, mwanga mzuri, kila ukope unahesabika. Mtoto alizitazama zote kwenye kompyuta, akanishukuru kama alivyofundishwa, akasema, "Lakini watu hawapo."

Kwa hiyo ninapokuona unavuta ukingo ndani na mkono wako haujasita, ndipo ninapopaza sauti. Pipa la taka lina njia yake: lipunguze mwanga, lififishe rangi, au liondoe kwa stempu ya kunakili (kifaa cha programu kinachofunika kitu kwa nakala ya sehemu ya jirani) na umwache aliyesimama mbele yake. Mtu akiwa mwishoni mwa safu, uliza kwanza ni nani.

Taratibu zenyewe ni chache. Nakala mbili kwenye diski mbili kabla kadi haijafomatiwa. Lightroom, programu ya kuhariri, haigusi faili la asili, mkropu wake unaufungua hata mwaka kesho. Kwenye Photoshop ondoa tiki ya kufuta pikseli zilizokatwa. Ukieksporti, peleka kwenye folda nyingine kwa jina jingine.

5. Yaliyobaki, kwa haraka. Kunoa picha hakuponyi fokasi iliyokosea. Kunaweka mistari myeupe kwenye kingo za nywele, na kila mtu anaiona isipokuwa wewe. Picha iliyotikisika kidogo hutulia ikichapwa ndogo. Punguza mwanga wa kioo cha kompyuta, maana kikiwa kikali mno picha zako zote zitachapwa giza na utamlaumu mchapaji. Ngozi ina vinyweleo, viache. Rangi uliyoiweka usiku wa manane itazame tena asubuhi kabla hujaituma.

6. Wanaoelekea kwenye habari, mezani kwenu kuna sheria nyingine. Mkropu na mwanga vinaruhusiwa kwa kiasi, kuondoa kitu kwa stempu hakuruhusiwi kabisa, hata kama ni waya mmoja uliopita juu ya kichwa cha mtu. Mwaka 2015 shirika la habari la Reuters liliwaambia wapigapicha wake wa kujitegemea wasipeleke picha zilizotokana na RAW, wapeleke JPEG zilizotoka hivyo kwenye kamera. Mimi naona walibana mno, kwa sababu RAW ndiyo shahidi mzuri ukiulizwa ulibadilisha nini. Lakini ukifanya kazi ya mtu, fuata utaratibu wake.

Na wewe mdogo wangu uliyesevu juu ya faili lilelile wiki iliyopita: kadi yako niliichomoa kwenye kamera kabla hujaifomati, iko kwenye droo yangu ya juu. Nimeiangalia, picha zote zimo. Njoo uichukue, uje na diski mbili.