Delta na Omikroni kwenye picha ya mapafu

Je, Delta na Omikroni, aina mbili za kirusi cha korona (UVIKO-19), zinafanana kwenye picha ya mapafu? La, hazifanani. Delta ilikuwa ikiacha ukungu mweupe mapafu yote mawili, hasa pembezoni na sehemu za chini, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Omikroni, iliyoingia mwishoni mwa 2021, picha zake nyingi za CT (eksirei za kompyuta zinazoonyesha mwili tabaka kwa tabaka) hutoka safi. Ukungu ukiwepo huwa kidogo, na pengine hufuata njia za hewa. Mimi napiga eksirei hapa Malindi. Mwaka 2021 kuna mzee nilimpiga, mapafu meupe hata kingo za moyo hazionekani, sijamsahau. Ila kufikia Omikroni wengi walishachanjwa au kuugua, kwa hiyo tofauti si ya kirusi peke yake. Na picha haikwambii ni aina gani, hilo ni la maabara.