Pécs: anzia uwanjani, vitabu baadaye

Mdogo wangu, umeuliza uanzie wapi kuijua historia ya Pécs, mji wa Hungaria, kabla masomo hayajaanza. Vitabu viache kwanza. Nenda uwanja wa Széchenyi, ulitazame kanisa lenye kuba la kijani: juu yake kuna msalaba na hilali pamoja. Waturuki waliuteka mji mwaka 1543, na Pasha Qasim akajenga jengo hilo kama msikiti kwa mawe ya kanisa la zamani lililokuwapo. Walipofukuzwa mwaka 1686, Wakatoliki wakalichukua jengo. Ingia ndani, kibla bado kipo ukutani. Mimi nilisimama pale nikasahau hata kupiga picha. Ukitaka msikiti wenye mnara wake, utafute wa Jakovali Hassan.

Kisha shuka kwenye makaburi ya Wakristo wa karne ya 4, enzi za Warumi, mji ukiitwa Sopianae. UNESCO iliyaorodhesha kama Urithi wa Dunia mwaka 2000.

Kuhusu chuo kikuu, watajivunia mwaka 1367 mbele yako. Ni kweli Mfalme Louis I alianzisha chuo mwaka huo, ila hakikudumu. Hiki utakachosoma kilihamia hapo kutoka Pozsony, Bratislava ya leo, mwaka 1923. Vigae vya Zsolnay, kiwanda cha kauri cha hapo Pécs, utaviona tu mapaani, huhitaji kuelekezwa.