Nikiandika "picha ya kuunganisha" kwa chini, nipo salama?

SWALI: Shikamoo Mama. Nina steshenari hapa Morogoro, natengeneza mabango na vipeperushi. Mpambe wa mgombea udiwani ameniletea picha mbili: ya mpinzani wao, na ya mtu aliyefungwa kwa wizi. Anataka niwaunganishe waonekane wamekaa meza moja, airushe kwenye magrupu ya WhatsApp. Anasema nikiandika kwa chini "picha ya kuunganisha" sheria hainigusi. Ameshalipa nusu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiitengeneze.

Ujanja huo ni wa siku nyingi. Mwaka 1950, jimbo la Maryland, Marekani, seneta Millard Tydings alikuwa akitetea kiti chake. Kambi ya mpinzani wake, John Marshall Butler, ikasambaza kijigazeti chenye picha ya Tydings akimsikiliza kwa makini Earl Browder, aliyewahi kukiongoza chama cha Kikomunisti. Picha ya Tydings ilipigwa 1938 akisikiliza redio. Ya Browder ilipigwa 1950 akihutubia. Nimekaa meza ya picha gazetini enzi za wembe na gundi, na naona jinsi walivyochagua: kichwa kilichoinamia redio, ukikisogeza kwa mtu anayezungumza, kinakuwa kichwa cha rafiki. Na maelezo ya chini yalisema kabisa kwamba picha ni ya kuunganisha! Nani aliyasoma? Tydings akashindwa. Meneja wa kampeni ya Butler alikuja kutozwa faini ya dola 5,000, lakini kwa makosa ya fedha za kampeni, wala si kwa ile picha.

Kwetu, kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinagusa hata picha. Anayechapisha mtandaoni jambo analojua ni la uongo au la kupotosha, kwa nia ya kumchafua mtu au kudanganya umma, faini yake haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Hayo maandishi yako ya chini yatakuwa ushahidi kwamba ulijua.

Korea Kusini wamekaza zaidi: tangu 2024, siku 90 kabla ya kura, video na picha za kampeni zilizoghushiwa kwa akili mnemba kiasi cha kudhaniwa za kweli ni marufuku hata zikiwekewa lebo. California nao walitaka lebo kubwa, na Oktoba 2024 jaji akasimamisha sehemu kubwa ya sheria yao. Kwa video ya kumdhihaki Kamala Harris, aliyekuwa akigombea urais wa Marekani, lebo ingeziba skrini nzima. Hapo namuunga mkono jaji. Mchora katuni akimpa diwani tumbo la kiboko, hakuna anayedanganyika, na aachwe achore. Wewe unaombwa kitu ambacho jirani atakiamini.

Mrudishie pesa yake leo, kwa simu ili muamala ubaki. Ujumbe aliokutumia usiufute.