Maziwa meupe sio ushahidi: pima seli chuchu kwa chuchu

Wafugaji wenzangu, hasa sisi wa huku Kilimanjaro tunaofuga bandani ng'ombe wawili watatu, leo naomba tuongee kuhusu seli kwenye maziwa, maana naona wengi wanasubiri mpaka waone mabonge au damu ndo wamwite daktari wa mifugo, na hapo ugonjwa wa kiwele (mastaitisi) umeshakaa ndani siku nyingi. Mastaitisi inayoonekana kwa macho ni sehemu ndogo tu. Ile isiyoonekana ndo inayokula hela yako, ng'ombe anakula vizuri, kiwele hakijavimba wala hakina joto, maziwa meupe kabisa, ila kila jioni ndoo haifiki pale ilipokuwa inafika na unaanza kulaumu pumba.

Hizo seli nyingi ni chembe nyeupe za damu, zinaingia kwenye kiwele kupambana na vijidudu. Chuchu yenye afya kwa kawaida inakuwa chini ya seli 100,000 kwa mililita, ikivuka 200,000 hesabu kuna maambukizi. Utasikia Ulaya mwisho ni 400,000 na Marekani 750,000, lakini hizo ni za maziwa ya shamba zima yaliyochanganywa, yanayoenda sokoni. Usipimie ng'ombe wako mmoja ukasema niko salama.

Na hapa kwenye kuchanganya ndo pana mtego mkubwa. Chukua ng'ombe ambaye chuchu moja ina seli 1,000,000 na tatu zilizobaki zina 50,000 kila moja. Kama zote zinatoa sawa, kwenye ndoo yake unapata 287,500. Sasa changanya na maziwa ya wenzake wawili wenye 80,000 kila mmoja na wote wanatoa kiasi kilekile, keni nzima inasoma kama 149,000. Yaani keni iko vizuri kabisa na humo ndani kuna chuchu inaoza! Kwa mfugaji mdogo kipimo cha keni hakikusaidii sana, pima kila chuchu peke yake.

Kifaa ninachotumia ni pedeli ya CMT (California Mastitis Test), ile sahani ya plastiki yenye vikombe vinne na dawa yake ya zambarau. Ni kipimo cha zamani, kilitoka California mwaka 1957, na mpaka leo kwa bei yake sijaona kinachokishinda. Safisha chuchu uzikaushe, mikamuo ya kwanza itoe kwenye kikombe cheusi uangalie kama kuna vipande, halafu kamulia kidogo kidogo kila chuchu kwenye kikombe chake. Mshikio wa pedeli uelekee upande uleule kila siku, mimi naelekeza mkiani, la sivyo utachanganya ya nyuma kulia na ya mbele kushoto. Inamisha pedeli yabaki kama mililita 2 kila kikombe, weka dawa kiasi hichohicho, zungusha taratibu sekunde 10 na usome hapohapo maana ukichelewa matokeo yanafifia. Yakibaki majimaji ni sifuri, yakianza kuwa mazito chini ni moja, yakivutika kama mlenda ni mbili, yakiganda yakajikusanya katikati ni tatu. Andika kwenye daftari tarehe, ng'ombe, chuchu, namba. Mara moja kwa mwezi inatosha, na usiamue kwa kipimo kimoja, chuchu iliyoonyesha moja leo inaweza kurudi sifuri yenyewe, ila inayorudia mbili mwezi huu na ujao hiyo ina wageni waliohamia.

Sasa tafadhali, ukiona mbili usikimbilie duka la dawa kununua tyubu za kusukumia kwenye chuchu. Vijidudu havifanani. Mimi nilikuwa na ng'ombe mzuri sana ambaye chuchu ya nyuma kulia ilikuwa inasoma tatu kila mwezi, tyubu zikiwekwa inashuka, baada ya muda inapanda tena, tulipopeleka maziwa maabara wakakuta Staphylococcus aureus, na huyu anajificha ndani ya nyama ya kiwele ambako dawa haimfikii vizuri. Niliumia ila nikamuuza mnadani kwa ajili ya nyama, kwa sababu kuendelea kumkamua pamoja na wengine ni kusambaza. Kuna wengine kama Streptococcus agalactiae ambao wanatibika vizuri, ndo maana maabara ni muhimu kabla ya dawa, na kwa sisi wa Kaskazini TVLA, wakala wa maabara ya mifugo, wapo Arusha. Waulize kwanza jinsi ya kuchukua sampuli, maana chupa chafu inaharibu kila kitu. Na ukitibu, zile siku zilizoandikwa kwenye dawa maziwa hayauzwi na hayanywewi, ukiyagandisha yanaweza hata yasigande maana dawa inaua vile vijidudu vya mgando.

Hela ya tyubu mimi naona bora iende kwenye ukamuaji. Kila ng'ombe na kitambaa chake. Kile kitambaa kimoja kinachozunguka banda zima na lile kopo moja la mafuta ambalo kila mtu anachovya vidole ndo magari ya ugonjwa. Anza kukamua wenye sifuri, mwenye mbili au tatu awe wa mwisho, unawe mikono na sabuni kati ya mmoja na mwingine. Ukimaliza tu chovya chuchu zote kwenye dawa ya ayodini, halafu mwekee mabingobingo mabichi ale amesimama, maana tundu la chuchu linabaki wazi kama nusu saa mpaka saa nzima na akilala kwenye mavi muda huo umemkaribisha adui.

Siku 60 kabla ya kuzaa mkaushe, yaani acha kumkamua, na kama daftari linaonyesha chuchu sugu ongea na daktari kuhusu tyubu za kipindi cha kukausha. Akizaa usipime wiki ya kwanza, dang'a lina seli nyingi kwa kawaida yake utaogopa bure. Wiki ikipita toa pedeli, na uanze na ile chuchu iliyokusumbua kabla hajakauka.